Kiingereza cha darasa la kwanza kianzie masikioni

Tangu Januari 2024, mtoto anayeanza darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali Tanzania Bara anasoma Kiingereza kama somo. Kabla ya hapo, kwa mtaala wa 2015, madarasa mawili ya mwanzo yaliachiwa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) kwa Kiswahili, na Kiingereza kikasubiri darasa la tatu. Wazazi wengi wameupokea uamuzi huu kwa furaha, na ninawaelewa. Wamechoka kuona mtoto wa jirani anayesoma mchepuo wa Kiingereza akiwajibu wageni, huku wa kwao, wa kayumba, yaani shule ya kawaida ya serikali, akiinamisha kichwa. Lakini kuanza mapema hakutoshi kama hatujakubaliana kinachoanza ni nini. Katika madarasa mengi Kiingereza kimeingia kupitia ubao na daftari: herufi, maneno ya kunakili, sentensi za kuimba kwa pamoja. Mtoto anasomeshwa lugha ambayo hajawahi kuisikia ikitumiwa kwa jambo lolote la maana kwake.

Msimamo wangu ni huu. Mtoto asitakiwe kusoma sentensi ya Kiingereza kabla hajaweza kuielewa akiisikia. Na wakati wa kusoma ukifika, aelezwe waziwazi, kwa Kiswahili, ni wapi maandishi ya Kiingereza yanaachana na yale aliyokwisha kuyazoea.

Tuanze na anachokuja nacho. Kusoma Kiswahili ni kazi yenye huruma kwa mtoto. Irabu ni 5, kila moja ina sauti yake, na sauti hiyo haibadiliki irabu ikiwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Silabi nyingi huishia na irabu. Akishaelewa ba be bi bo bu, akaelewa na ma me mi mo mu, njia imefunguka; atasoma "bibi" na "mama" leo, na baada ya miezi kadhaa atasoma "kinyonga" hata kama hajawahi kuliona neno hilo limeandikwa. Mtoto aliyefundishwa KKK vizuri anatoka na jambo kubwa kuliko orodha ya maneno anayoyajua. Anatoka na imani kwamba herufi husema kweli, na kwamba akizifuata moja baada ya nyingine atafika kwenye neno.

Sasa mwandikie ubaoni maneno haya matano: pole, pale, wake, mate, same. Atayasoma yote bila kusita, na atakuwa sahihi. Pole ya mgonjwa, pale alipokaa bibi, mtoto wake, mate ya mdomoni, na Same ya mkoani Kilimanjaro. Kisha mwambie kwamba yote matano ni maneno ya Kiingereza pia, na kwamba huko husomwa poul, peil, weik, meit na seim. E ya mwisho imenyamaza, na irabu ya katikati imegeuka sauti. Akielezwa kanuni hiyo, mtoto wa miaka 8 huishika bila taabu, tena huifurahia. Asipoelezwa, akaambiwa tu "siyo hivyo, sema weik", anachojifunza ni kwamba herufi za Kiingereza hazina utaratibu. Anaacha kuzifuata. Anaanza kukariri umbo la neno zima, na macho yake yanahama ubaoni na kwenda kwenye mdomo wa mwalimu.

Nimewahi kukaa nyuma ya darasa la tatu moja nikaliona hilo likitokea. Ubaoni kulikuwa na sentensi nne za Kiingereza. Mwalimu alipitisha fimbo chini ya maneno, na watoto zaidi ya 80 wakaimba pamoja naye, wakarudia, wakarudia tena, kwa sauti nzuri iliyosikika mpaka uwanjani. Ungepita nje ungesema hili darasa linasoma. Kisha mwalimu akaiweka fimbo kwenye sentensi ya chini kabisa badala ya ile ya juu. Darasa likaanza kuimba ya juu. Yule mwalimu hakuwa mvivu wala mzembe. Alikuwa ameloa jasho. Alikuwa anafanya alichofanyiwa na yeye, na alichokiona kikifanywa chuoni.

Mwaka 1986 watafiti wawili, Philip Gough na William Tunmer, walitoa maelezo mafupi ya kusoma ambayo mpaka leo hayajaondolewa mezani. Kusoma kwa kuelewa, walisema, ni zao la mambo mawili: kuweza kugeuza herufi kuwa neno, na kuweza kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Walisema zao, la kuzidisha, na hapo ndipo penye uzito. Ukizidisha namba yoyote kwa sifuri unapata sifuri. Kwa Kiswahili, jambo la pili limeshashughulikiwa kabla mtoto hajavaa sare. Mama, bibi, watoto wa mtaani na redio ya jirani wamemjaza lugha, na mwalimu wa KKK amebakiwa na herufi. Kwa Kiingereza hakuna aliyetangulia kuifanya kazi hiyo.

England wana kipimo kinachosaidia kuliona hili. Tangu 2012 watoto wao wa miaka 5 na 6 husomeshwa maneno 40, na 20 kati yake ni ya kubuni, hayamo kwenye kamusi yoyote. Nia ni kujua kama mtoto anaweza kugeuza herufi kuwa sauti bila kutegemea kumbukumbu. Watoto ambao nyumbani hawazungumzi Kiingereza hufanya karibu sawa na wenzao katika kipimo hicho. Pengo huja kuonekana baadaye, kwenye kuelewa walichosoma. Sasa mfikirie mtoto wa Kahama anayekutana na neno "chair" kwa mara ya kwanza kitabuni. Kwake hilo nalo ni la kubuni. Hata akilitamka kwa ufasaha, hajasoma chochote. Ukurasa mzima kwake ni maneno ya kubuni, na chini ya ukurasa tumemwekea maswali ya ufahamu.

Kenya wamelipitia jambo hili kwa upana kuliko sisi. Mpango wa Tusome, ulioanza nchi nzima mwaka 2015, ulimpatia kila mtoto wa madarasa ya mwanzo kitabu chake cha Kiingereza na cha Kiswahili, ukawapa walimu mwongozo wa kila kipindi, na maofisa wakawa wanaingia darasani na tableti kuangalia na kushauri. Uwezo wa kusoma ulipanda, na hayo ni mafanikio ambayo Tanzania ingepaswa kuyasoma kwa makini. Hata hivyo, tathmini za usomaji nchini humo zimeonyesha pia kwamba mtoto anaweza kutamka maneno ya Kiingereza kwa kasi nzuri na bado akaambulia maana kidogo kuliko anayoipata kwenye hadithi ya Kiswahili anayoisoma polepole. Kasi ya mdomo inadanganya. Inamdanganya mzazi zaidi ya wote, kwa sababu mzazi anaisikia na haoni kinachoendelea kichwani.

Kwa hiyo darasa la kwanza lifanye nini na Kiingereza? Liseme. Mwalimu anaweka mezani kikombe, kijiko na sahani. "Put the spoon in the cup." Mtoto anaweka. "Give the cup to Asha." Anampa. "Where is the spoon?" Darasa linajibu, kisha safu moja inajibu, kisha mtoto mmoja. Kesho yake mtoto ndiye anayetoa amri na mwalimu ndiye anayetii, na hapo utaona hata yule mkimya wa nyuma anainua mkono. Ya kusimulia nayo yapo: hadithi fupi ya sungura na fisi, Jumatatu kwa Kiswahili, Jumanne kwa Kiingereza kwa picha zilezile, Jumatano tena, mpaka Ijumaa watoto wanaimalizia sentensi wenyewe kwa sababu wanajua fisi atasema nini. Hakuna aliyeandika neno, na katika juma hilo watoto wamesikia na kutumia Kiingereza kingi kuliko kilichomo kwenye kurasa kumi za kunakili.

Kwa nini basi hatufanyi hivyo? Kwa sababu haionekani daftarini. Mzazi akirudi jioni anafungua begi la mtoto anatafuta vema nyekundu. Mwalimu mkuu anapita kukagua kazi. Mthibiti ubora wa shule akija, anahesabu mazoezi yaliyosahihishwa. Mwalimu aliyetumia mwezi mzima na kikombe na kijiko atawaonyesha nini? Ana darasa lililojaa makelele na madaftari meupe. Watu hulaumu mbinu za walimu kana kwamba mwalimu amechagua kunakilisha kwa mapenzi yake. Amesukumwa huko na kila anayemkagua.

Lipo pia la Kiingereza cha mwalimu mwenyewe, na si haki kulizunguka. Mwalimu wa shule ya msingi amesoma miaka 7 kwa Kiswahili, akaingia sekondari ambako Kiingereza kilikuwa kikiandikwa ubaoni na kufafanuliwa kwa Kiswahili, kisha akarudi kufundisha shule ileile aliyotoka. Mwaka 1984 Clive Criper na William Dodd walipochunguza hali ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania walikuta wanafunzi wengi wa sekondari hawawezi kujifunza masomo yao kwa lugha hiyo. Walimu wetu wa leo ni watoto na wajukuu wa darasa lile. Kumtaka mwalimu huyo azungumze Kiingereza nusu saa mfululizo bila msaada ni kumwonea. Lakini amri ishirini za darasani na hadithi nne kwa muhula anaziweza, akipewa sauti za kuzisikiliza kwanza. Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walijaribu kufundisha Kiingereza madarasa ya mwanzo kwa vipindi vya redio vilivyompa mtoto muda wa kujibu na mwalimu muda wa kuongoza. Leo simu ya mwalimu inabeba vipindi vyote vya mwaka, na kipaza sauti kidogo cha kuunganisha kinapatikana dukani. Hili halihitaji mradi mkubwa wa wafadhili.

Baada ya mwaka mmoja au miwili ya kusikia na kusema, huku kusoma Kiswahili kukiwa kumekomaa, herufi za Kiingereza ziingie. Hapa mtoto wetu ana mtaji ambao hatuutumii. Anajua tayari kwamba herufi mbili zinaweza kuungana zikatoa sauti moja, maana amesoma ch, sh, ny na gh. Anajua th ya "thamani" na dh ya "dhahabu". Kiingereza kina sauti zote mbili hizo, ila huziandika zote kwa th: "thin" ina ile ya thamani, "this" ina ile ya dhahabu. Mwalimu akisema hivyo, kwa Kiswahili, kwa dakika mbili, ametatua jambo ambalo huwasumbua watoto mpaka kidato cha pili. (Wapo watoto wengi wa bara wanaosema samani na zahabu. Hao waanze na kuzisikia sauti zenyewe kwenye Kiswahili, na faida itakuwa ya lugha zote mbili.)

Ndiyo maana sikubaliani na mabango ya kupiga marufuku Kiswahili yaliyobandikwa kwenye shule nyingi, wala na adhabu zinazofuatana nayo. Mtafiti wa Canada Jim Cummins alieleza tangu 1979 kwamba anachokijua mtoto kwa lugha ya kwanza hakikai kabatini. Huhamia kwenye lugha ya pili ikiwa atapewa nafasi. Maelezo ya e inayonyamaza hayawezi kutolewa kwa Kiingereza kwa mtoto ambaye Kiingereza chake ni cha kikombe na kijiko. Yatolewe kwa Kiswahili, haraka, kisha darasa lirudi kwenye Kiingereza kufanya mazoezi.

Irabu ndizo ngumu, na hapa nitaachana pia na wanaotaka kuleta kama vilivyo vitabu vya Uingereza vya kufundisha kusoma kupitia sauti za herufi. Kiingereza cha vitabu hivyo kinahesabiwa sauti 44 hivi, na karibu 20 ni za irabu. Kiingereza tunachokizungumza Afrika Mashariki hakina irabu zote hizo. Kwa wengi wetu "cat", "cut" na "cart" vinakaribiana sana, na "ship" na "sheep" hutofautiana kwa shida. Mwalimu wa Tabora asipoteze juma zima akijaribu kuwafundisha watoto tofauti ambayo yeye mwenyewe haitamki wala haisikii. Awafundishe kwamba maneno haya yanasikika karibu sawa lakini yanaandikwa tofauti kwa sababu ni vitu tofauti: picha ya paka, picha ya mkono unaokata, neno chini ya kila moja. Kitabu cha kufundisha kusoma Kiingereza Tanzania kingepaswa kuandikwa kwa kuanzia na matamshi ya Mtanzania, na Taasisi ya Elimu Tanzania inao watu wa kuifanya kazi hiyo.

Msaada mwingine uko midomoni mwa watoto na hatuuoni. Begi, shati, soksi, penseli, sketi, keki, boksi, basi, treni. Mtoto ana maneno haya kwa maana kamili. Yakiandikwa ubaoni jozi kwa jozi, shati na "shirt", begi na "bag", ataona mara moja kwamba Kiswahili hupenda kumalizia na irabu na Kiingereza hukubali kuishia na konsonanti. Somo la silabi funge limekwisha hapo, bila jina lake.

Kuna watoto ambao kwao mambo yote haya yako hatua moja nyuma. Mtoto wa Longido anayezungumza Kimaasai nyumbani hukutana na Kiswahili shuleni, na Kiingereza kwake ni lugha ya tatu. Tanzania ina lugha zaidi ya 120, kwa hiyo hao si wachache. Ninachotaka kusema juu yao ni kwamba walimu wao ndio wanaojua kazi hii kuliko wengine. Mwalimu wa darasa la awali ambaye amelazimika kuwafundisha watoto kusema Kiswahili kabla ya kuwaonyesha a e i o u anayo tayari mbinu ambayo sasa tunaihitaji kwa Kiingereza nchi nzima. Semina zinazoendeshwa na wataalamu kutoka makao makuu zingefanya vizuri kumpa mwalimu huyo nafasi ya mbele.

Kuandika ndiko kulikoachwa yatima. Kwenye madaftari mengi ya Kiingereza ya darasa la tatu na la nne utakuta mwandiko mzuri, mistari iliyonyooka, na hakuna hata sentensi moja ambayo mtoto aliitunga. Amenakili, amejaza nafasi, amepanga maneno. Siku akiambiwa aandike lake mwenyewe, anaandika hivi: "Ai have e gout. Hi laiki grasi." Kalamu nyekundu inapita juu ya kila neno, na mtoto anapata sifuri kwa sentensi mbili ambazo zina maana, zina mpangilio, na zimetoka kichwani mwake. Zitazame kwa ukaribu. "Ai" na "laiki" zinaonyesha kwamba amelisikia neno vizuri na ameliandika kwa kanuni anazozijua, za Kiswahili. Ameongeza irabu mwishoni mwa "grasi" kwa sababu silabi zake karibu zote humalizika hivyo. Ameandika "have" sawasawa, maana yake neno hilo ameliona mara nyingi. Katika maneno saba mwalimu amepewa ramani ya wiki tatu zijazo: i ya "like", a ya peke yake, konsonanti ya mwisho, na "it" badala ya "hi" kwa mbuzi. Kumpa sifuri ni kuitupa ramani hiyo na kumfundisha mtoto kwamba salama yake iko kwenye kunakili.

Kutunga kunaweza kuanza kwa pamoja hata kwenye darasa la watoto 80. Darasa linasema sentensi kuhusu jambo lililotokea asubuhi, labda mvua iliyovuja kwenye paa. Mwalimu anaiandika huku akiuliza kila neno linaanzaje na linaishiaje. Kisha ubao unafutwa, na kila mtoto anaandika sentensi hiyo au yake inayofanana nayo. Madaftari kumi kwa siku yasomwe kwa makini, siyo yote 80 yapigiwe vema. Kwa juma moja na nusu kila mtoto amesomwa na mtu mzima, jambo ambalo sasa halitokei kwa mwaka mzima.

Najua kinachowaharakisha watunga sera. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, inaweka elimu ya lazima ya miaka 10, ya msingi ikiwa 6 badala ya 7. Sekondari inabaki kwa Kiingereza, kwa hiyo mtoto atafika kidato cha kwanza mwaka mmoja mapema kuliko kaka yake. Hofu ya kumchelewesha ni ya kweli. Lakini tazameni Rwanda: mwaka 2008 waliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia, mwaka 2011 wakarudisha Kinyarwanda kwa madarasa matatu ya mwanzo, na mwishoni mwa 2019 wakatangaza Kiingereza tena. Kila badiliko lilimkuta mwalimu yuleyule ndani ya darasa lilelile. Mtihani nao haujatusaidia. Kwa miaka mingi Kiingereza cha kumaliza darasa la saba kimekuwa, kwa sehemu kubwa, cha maswali ya kuchagua, na mtoto ameweza kufaulu bila kuandika aya hata moja.

Mahali pa kuanzia marekebisho ni penye ukaguzi, kwa sababu hapo ndipo mwalimu anapotazama. Upimaji wa KKK wa darasa la pili unajali mtoto kusoma kwa sauti. Baraza la Mitihani liongeze hapo dakika chache za Kiingereza cha kusikia na kusema: mtoto aambiwe afanye jambo, aulizwe swali, asimuliwe hadithi fupi kwa picha na aulizwe nini kilitokea. Maandishi ya Kiingereza yasipimwe mpaka darasa la tatu. Na wathibiti ubora waelekezwe, kwa waraka, kwamba wakiingia darasa la kwanza wakati wa kipindi cha Kiingereza wakae wawasikilize watoto wakizungumza kabla ya kuomba daftari lolote. Mwalimu mwenye watoto 80 na vikombe vitatu mezani atakuwa amepata kitu ambacho hakuna semina iliyowahi kumpa: ruhusa ya kuiweka chaki chini.